Mzigo Unaozidi Ukipanda

Mnarani, 4 Februari

Mpwa wangu Nyenje,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana nakujua, utaanza na maneno utasahau salamu. Huku hatujambo. Mnara umesimama, jenereta inakohoa, na sisi wapandaji wanne tunapokezana zamu kama kawaida.

Mama yako aliniambia kwamba karakana yenu sasa inaunda droni za kila namna, na kwamba wewe ndiye unayechagua mota na betri, wengine wanakaza skrubu tu. Nataka moja. Usicheke. Nimepanda mnara huu tangu wewe hujaota meno ya pili, wenzangu wananiita Kima na jina hilo silikatai, lakini dunia haimsubiri mtu. Ofisi inataka picha za kileleni: taa, boliti, kutu. Mtu akipanda na kamera anarudi na picha za vidole vyake mwenyewe. Droni itapiga picha, nami nitakaa chini nakunywa chai kama mkubwa.

Nataka yenye mota kubwa kuliko zote mlizonazo, propela ndefu kuliko zote na betri kubwa kuliko zote. Mjomba wako si mtu wa vitu vidogo. Itume kwa lori linalotuletea dizeli kila Jumatano. Dereva ni mtu wangu, kasha ataliweka nyuma ya kiti. Na majibu yako uyaweke humo humo ndani ya kasha. Simu ya hapa iko mezani kwa mtunza stoo, ukipiga, kituo kizima kinajua umekula nini.

Msalimie dada yangu. Mwambie nipo, na bado sijanenepa.

Mjomba wako

*

Karakana, 13 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Umeona? Nimeanza na salamu.

Barua yako imenichekesha mpaka fundi mwenzangu akaja kuuliza kuna nini. Mota kubwa kuliko zote, propela ndefu kuliko zote, betri kubwa kuliko zote! Hiyo si droni, hiyo ni harusi ya tajiri. Kaa chini nikueleze.

Droni haianzi na mota, inaanza na mzigo. Kwanza naambiwa itabeba nini. Mzigo huo naupima pamoja na fremu, nyaya, betri, mpaka skrubu. Kisha natafuta mota nne ambazo kwa pamoja zinaweza kuinua mara mbili ya uzito wote huo. Hapo droni ikitulia hewani itatumia nusu ya nguvu zake, na nusu inayobaki ni ya upepo na mikosi. Ukiipa mota zinazotosha tu, itapanda siku nzuri na kukuaibisha siku mbaya.

Mota na propela ni mume na mke, lazima waendane. Propela ndefu inataka mota inayozunguka taratibu na yenye msuli. Propela fupi inataka mota ya mbio. Ukiipa mota ya mbio propela ndefu, itajikaza mpaka iungue. Na betri nayo usiione kubwa ukafurahi. Betri hujibeba yenyewe kwanza kabla ya kukubebea wewe chochote. Ukiongeza betri umeongeza uzito, uzito unataka nguvu, nguvu inakula betri, na mwisho unabaki pale pale na mfuko umetoboka. Halafu kuna ukubwa wa pipa na kuna upana wa bomba. Betri inaweza kuwa na umeme tele lakini ikashindwa kuutoa kwa mkupuo mota zinapoudai.

Kamera uliyoitaja haifiki nusu kilo. Kwa hiyo nimekuchagulia mota za wastani, propela zenye urefu wa kiatu chako, betri moja ya kazi na moja ya akiba. Fremu imefungwa tayari. Jifunze kwanza uwanjani, chini chini, mpaka vidole vizoee.

Kila inapotua, shika mota moja moja kwa mkono. Ukiweza kuishika bila kuuondoa mkono, mambo ni sawa. Ikikuunguza, basi kuna kitu hukuniambia.

Mama anasema hakuuliza unene, aliuliza utakuja lini.

Nyenje

*

Mnarani, 28 Februari

Nyenje,

Kasha limefika, hakuna kilichovunjika. Wiki ya kwanza niliirusha uwanjani mpaka mbwa wa mtunza stoo akahama. Wiki ya pili nilikuwa nairusha kuzunguka jenereta kama nimezaliwa nayo. Wenzangu wote wamekuja kutazama. Chuma, yule kijana wetu asiyeogopa kitu, anayepanda mnara kama anapanda kitandani, akasema mbele ya watu, "Kaka Kima anatafuta wa kumpandia. Mpanda ngazi hushuka!" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Ila droni yako inachoka. Hapa chini ina nguvu zote. Ikifika usawa wa kituo cha tatu (mnara una vituo vitano vya kupumzikia) inaanza kulia, inayumba, halafu inashuka yenyewe hata nikisukuma fimbo ya rimoti mpaka mwisho. Nikasema labda ina njaa. Nikachukua betri ya akiba nikaifunga kwa mkanda juu ya ile nyingine ili iwe na nguvu maradufu. Ikachoka mapema zaidi! Najua, najua, ulinionya, lakini sikio la mjomba wako ni la mapambo. Mota moja ilitoa moshi. Nakurudishia hiyo pamoja na barua hii.

Kwa hiyo tuache ubishi wa kitaalamu, niletee zile mota kubwa nilizosema mwanzo. Ofisi imetangaza ukaguzi katikati ya Aprili, msimamizi mwenyewe anakuja, na ningependa mambo yawe tayari kabla hajafika.

Chai ya huku haina sukari ya kutosha lakini tunaishi.

Mjomba wako

*

Karakana, 10 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Droni yenye kamera haichoki kwa kufika kituo cha tatu. Yenyewe haijui iko kituo cha tatu au chini ya kitanda. Inachokijua ni uzito tu. Ikipanda vizuri mwanzo kisha ikashindwa njiani, na kila siku ikashindwa usawa ule ule, maana yake uzito unaongezeka njiani. Nikawaza, ni mzigo gani huo ulio mwepesi chini na mzito juu?

Kisha nikaifungua mota uliyonirudishia. Kwenye shafti yake, kile chuma kinachozungusha propela, kuna nyuzi za buluu, zimejizungusha na kuyeyuka. Nyuzi za kamba, Mjomba. Kamba ndiyo mzigo wa namna hiyo. Kila droni inapopanda, inanyanyua kipande kingine kutoka chini, mpaka inafika mahali haiwezi tena. Umeifungia droni yangu kamba, tena nene, ya kubebea mtu.

Kamba ya nini?

Mota sileti mpaka unijibu. Na usinidanganye. Nimekulia mgongoni kwako, najua unavyodanganya, unaanza na mzaha. Nimezirudia barua zako zote mbili na zimejaa mzaha tangu juu mpaka chini. Nilipokuwa mdogo ulifanya hivyo hivyo siku ile unanipeleka kung'olewa jino.

Nimekasirika kidogo, lakini zaidi nina wasiwasi. Nijibu upesi.

Nyenje

*

Mnarani, 19 Machi

Mpwa wangu,

Leo sina mzaha.

Mwezi wa Novemba, mvua ilikuwa imekatika asubuhi, nilikuwa natoka kituo cha nne kwenda cha tano. Mguu wa kushoto ukateleza. Sikuanguka. Nilining'inia kwa mikono kwa muda wa mtu kutaja jina lake, nikaurudisha mguu, nikashuka. Hakuna aliyeona. Nikanawa mikono, nikala, nikalala vizuri tu.

Zamu iliyofuata nilipanda kama kawaida. Nilipofika kituo cha tatu miguu ikakataa. Si maumivu, Nyenje. Yangekuwa maumivu ningemeza vidonge. Mikono inashika chuma haitaki kukiachia, si kupanda wala kushuka. Nilikaa pale mpaka jua likanichoma, ndipo nikaweza kurudi. Tangu hapo nimejaribu mara nyingi, wenzangu wakiwa wameenda kula, na kila mara ni pale pale. Nimewaambia naumwa mgongo. Mimi nafanya kazi za chini, jenereta na nyaya, wao wananipandia, na kwa kuwa wananiheshimu hawaulizi.

Zamani kulikuwa na waya wa usalama pembeni ya ngazi, mtu akijifunga kwenye waya huo hata akiteleza haendi mbali. Uliota kutu ukaondolewa, na mpya unaahidiwa kila mwaka. Sasa tunajifunga mkanda tukishafika tu. Njiani kila mtu na Mungu wake. Nikawaza kwamba kamba ikipita juu ya mkono wa chuma kule kileleni, ncha moja iwe kiunoni kwangu na nyingine imeshikwa na mtu chini, labda miguu itakubali. Ndiyo maana ya droni. Picha zilikuwa kisingizio.

Siku ya ukaguzi kila mmoja wetu atapanda mpaka kwenye taa huku msimamizi anatazama. Asiyefika anaandikiwa barua ya kwenda nyumbani. Nitakwenda nyumbani kuwa nani? Hapa mimi ni Kima. Watoto wa mtunza stoo wananiita hivyo wakidhani ndilo jina nililopewa na wazazi.

Naogopa. Nimeliandika neno hilo na mkono haukukatika.

Usimwambie mama yako.

Mjomba

*

Nyumbani, 26 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma. Nyenje hakunionyesha. Alikuwa mezani anaisoma huku machozi yanamtoka, nikainyakua mkononi mwake, nikasoma mpaka pale ulipoandika asiniambie, nikasoma tena. Kwa hiyo usimlaumu mtoto.

Wewe una dada mmoja tu duniani, na kila salamu unayomletea ni kwamba hujanenepa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nusura kikuumbue Novemba huko juu peke yako, nami niko hapa nakunja nguo.

Mwanangu alisema hatakuletea mota yoyote ili usipande. Tumegombana tangu mchana mpaka chakula kikapoa. Nimemwambia mtu mwenye hofu mpe kamba, usimpe hotuba. Kupanda au kutopanda utaamua wewe, ni mtu mzima, lakini uamue ukiwa umefungwa.

Unauliza ukirudi nyumbani utakuwa nani. Utakuwa mdogo wangu. Kazi hiyo haina msimamizi, na hakuna wa kukuandikia barua ya kuiacha.

Chumba cha uani nimekifagia. Sisemi uje. Nasema kimefagiliwa.

Dada yako

*

Karakana, 27 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameshinda, kama kawaida yake. Kasha limejaa.

Sasa nisikilize vizuri. Baada ya ugomvi nilikaa nikakuchagulia mota kubwa kweli, propela ndefu kama mkono wako, betri mbili nzito. Kamba ile ikiwa yote hewani inafika kilo kadhaa, na nikizidisha mara mbili kama ninavyofanya siku zote, droni inakuwa na upana wa mlango. Nikaona ukiirusha hiyo karibu na vyuma, upepo ukapiga, itamchinja mtu. Nikachora, nikafuta, nikachora tena, mpaka nikajiuliza kwa nini nainua kamba. Nani amesema lazima droni iinue kamba?

Droni itapeleka mshipi, ule mwembamba wa kuvulia samaki. Mshipi wote, kwenda na kurudi, hauzidi uzito wa yai. Droni inapanda nao, inavuka juu ya mkono wa chuma, inashuka upande wa pili. Ukishapata ncha zote mbili chini, mshipi unavuta kamba nyembamba, na kamba nyembamba inavuta ile nene. Mnavuta kwa mikono yenu, mota zinapumzika. Ungeniambia kamba tangu mwanzo, tusingeunguza kitu. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami wako niliuona ni nusu kilo.

Kwa hiyo humo ndani hutakuta vitu vikubwa. Mota ni ndogo kuliko zile za kwanza lakini ni za mbio, na propela zimepungua urefu. Mnara ule una upepo wa kushtukiza, na propela fupi hubadili mwendo upesi, kwa hiyo droni inajirekebisha kabla haijagonga chuma. Betri ni moja, nyepesi, yenye bomba pana. Usiifungie mwenzake!

Mshipi usiufunge karibu na propela. Uache uning'inie chini kwa urefu wa watu wawili, na pale mwisho ufunge nati moja ili upepo wa propela usiurushe juu ukajizungusha kama ile kamba ya buluu. Unapoufungia kwenye droni, tumia uzi wa kushonea niliouweka, uzi mmoja tu. Mshipi ukinasa kwenye chuma, uzi utakatika na droni itarudi salama. Na kabla ya kuvuta kamba nene, tazama kwa kamera kwamba mshipi umekaa juu ya mkono wenyewe wa chuma, sio kwenye kishikio cha taa.

Mimi bado sitaki upande. Nimechagua kila kitu humu vizuri niwezavyo, na bado sitaki. Nimeona nikuambie yote mawili.

Nyenje

*

Mnarani, 18 Aprili

Mpwa wangu Nyenje, na wewe dada, maana najua mtasoma pamoja,

Mshipi ulivuka siku ya kwanza ya kujaribu. Upepo uliisukuma droni mara mbili, ikajiweka sawa yenyewe, mimi vidole vimekauka kwenye fimbo. Ikatua, nikashika mota zote nne, vuguvugu tu. Jioni ile kamba nene ilikuwa inaning'inia pande zote mbili za mnara. Wenzangu walidhani ni mpango wa ofisi. Sikuwaambia vinginevyo.

Msimamizi alifika jana, mtu wa maneno machache, na kofia yake chini ya kwapa. Nikaomba nipande wa kwanza. Chuma alishika kamba chini. Nilijifunga, nikapanda. Kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Miguu ikaanza. Nikaivuta kamba, nikaisikia imekaza, nikajua siwezi kuanguka. Nikapanda tena. Nilifika kituo cha nne, Nyenje. Nilikaa pale nikaona barabara ya lori yote mpaka inapokata kilima, na sikuwa nimeiona tangu Novemba.

Kisha nikatazama ngazi ya kwenda kwenye taa, na nikajua sitapanda. Si kwamba kamba haikutosha. Kamba ilinipa utulivu wa kutosha kujiuliza, na jibu likawa hapana. Nikashuka. Kushuka kulikuwa kurefu.

Nikamwambia msimamizi mbele ya wote kwamba siumwi mgongo, sijawahi kuumwa mgongo, nina woga, na huu ni mwezi wa sita. Hakuna aliyecheka. Msimamizi alizunguka mnara, akaitazama kamba, akauliza imefikaje kule juu. Nikamwonyesha droni. Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiyemjua. Akasema sitapanda tena, na hilo ni amri. Akasema waya mpya ataudai mwenyewe, na mpaka uje nibaki hapa niwapandishie wenzangu kamba. Baada ya hapo hajui, nami sijui. Nilikwenda nyuma ya jenereta nikalia. Sikulia kwa furaha, msijidanganye. Kazi ile niliipenda.

Niliporudi ilikuwa zamu ya Chuma. Alikuwa amesimama chini ya ngazi hajaweka hata mguu. Akanyoosha mikono pembeni na kusema, "Nifunge, kaka." Nikamfunga. Nikashika kamba, akapanda. Kamba inasema mengi, sikuwa najua. Kutoka kituo cha pili kwenda juu ilikuwa inatetemeka mikononi mwangu, na upepo ulikuwa umelala. Kila ilipotetemeka nilikaza, naye akapanda hatua nyingine. Akabadilisha taa, akashuka.

Alikaa chini kando yangu, akafungua mkanda, hakuniangalia. "Kaka Kima," akasema, "mimi ni mwaka wa pili huu."

Sikumuuliza wa nini. Nikamwambia asogee anisaidie kushika, maana wa tatu alikuwa tayari anajifunga.

Mjomba wako